Bomba Lililokuwa Nje ya Lango

Mtaalamu alikuwa na kanuni moja, ameiandika kwa kalamu nene na kuibandika ukutani juu ya meza yake: programu haiingii kazini kabla haijajaribiwa na watu watakaoitumia, palepale watakapoitumia. Aliwahubiria wenzake kanuni hiyo mpaka wakaichoka. Siku ilipomdai yeye mwenyewe, aliiona usumbufu.

Kiwanda cha kusaga unga kilitaka programu ya mahudhurio: mfanyakazi aoneshe uso langoni akiingia, auoneshe tena akitoka. Asiyeonekana akitoka ahesabiwe ametoroka zamu, na mara tatu hana kazi. Kazi ya Mtaalamu ilikuwa kuchagua huduma ya kutambua nyuso. Zilibaki mbili. Moja ilidai wiki mbili za majaribio langoni. Nyingine ilidai saini tu, na muuzaji wake alikuwa na maneno matamu.

Majaribio ya hiyo ya pili yakafanyika ofisini kwa meneja, penye kiyoyozi, baada ya chai. Meneja alinawa uso, akanyoosha tai, akasimama mbele ya kamera. Skrini ikaandika: Karibu, Meneja.

"Imenijua!" Meneja akapiga makofi kama mtoto aliyepewa pipi.

"Nani asiyekujua, bosi?" akasema Mtaalamu, na saini ikawekwa.

Alikwenda kujitapa kwa mama yake mdogo, aliyemlea tangu ananyonya. Mama huyo alikuwa amefagia chumba cha kusagia cha kiwanda hichohicho miaka kumi na tisa.

"Mwanangu, sisi tukitoka zamu ni unga mtupu, hata kope hazionekani. Hicho kidude kitatujua?"

"Si mtanawa, mama mdogo?"

"Bomba liko nje ya lango. Kwani hujawahi kufika?"

Hakuwahi. "Haya mambo ni ya kitaalamu," akasema.

"Haya, baba. Mimi nimesomea ufagio."

Wiki ya kwanza tu, wafagiaji walipanga foleni langoni weupe pe, na skrini ikawajibu mmoja baada ya mwingine: Hatambuliki. Mlinzi, aliyewajua wote, alikatazwa kuandika chochote kwa mkono. Ijumaa orodha ya "watoro" ikafika mezani kwa meneja, na jina la mama mdogo lilikuwa la nne.

"Huu mtambo hauna kasoro?" Meneja akauliza.

Hapo palihitajika neno moja tu: nilikosea. Mtaalamu aliangalia viatu vyake.

"Mtambo uko sawa, bosi. Labda wao ndio hawasimami vizuri."

Ndivyo alivyosema, mtu mzima mwenye diploma mbili, na usiku ule alilala fofofo.

Mwezi uliofuata kiwanda kilihamishia bomba ndani ya lango, na mtambo ukawatambua wote waliobaki. Mama mdogo hakuwemo. Alipoteza kazi ya miaka kumi na tisa, na tangu siku hiyo Mtaalamu akibisha mlangoni kwake hafunguliwi.