Kivuli cha Bluu

Chokaa ikimwagiwa maji hutoa harufu ya moto, kama jiwe lililokasirika. Harufu hiyo ndiyo iliyonilea miaka ya tisini, kwenye machimbo nje ya Kajiado, ambako mapaa, miiba ya migunga na hata kope za baba yangu zilikuwa nyeupe mwaka mzima. Shuleni waliniita Unga, nami niliitika kifua mbele.

Muhula mmoja mwalimu wetu wa darasa la sita alileta kalenda ya zamani yenye picha ya kuchorwa: kijiji cheupe, vijumba vinne, mtu mmoja njiani. Ukiisogelea, ni madoadoa ya rangi tu. Ukirudi nyuma, kijiji kinaamka. Akauliza ni nini. Mkono wangu ulikuwa juu kabla ya wote.

"Ni machimbo ya chokaa!"

Darasa zima likaangua kicheko. "Ni theluji, wewe Unga," mwalimu akasema. "Na huyu mchoraji naye amekosea. Kivuli gani cha bluu? Kivuli ni cheusi."

Hapo ndipo nilipokataa. Nilimwambia kwamba asubuhi, juu ya kitu cheupe, kivuli ni cha bluu, maana mimi nilikikanyaga kila siku nikija shule.

"Futa hayo maneno ama ulete mzazi."

Nikamleta. Baba, Mkamba wa maneno machache, alikuja moja kwa moja kutoka kwenye tanuri, akaacha nyayo nyeupe sakafuni. Akaitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Mwalimu, kijana hajadanganya. Ni bluu."

"Mzee, kwani wewe ulisoma mpaka wapi?"

Wenzangu wakacheka, naye Baba akatoka akijikung'uta, kana kwamba chokaa ndiyo iliyomkosea. Nikabeba mkoba wangu, nikamfuata. Sikurudi tena.

Wengine husema nilijiharibia. Waseme, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Leo niko na malori matatu na yadi yangu hapa Kitengela. Nikipeleka chokaa Illasit, mpakani, niliiona theluji yenyewe kichwani pa Kilimanjaro, nikakubali: hapo mwalimu alishinda. Kuna karatasi ambazo binti yangu hunisomea kabla sijatia sahihi. Hilo pia nalimeza. Lakini wenye digrii zao wakija yadini asubuhi, nawauliza rangi ya kivuli. Cheusi, wanasema. Nawasimamisha kando ya lundo la chokaa, jua likiwa mgongoni, nawaambia watazame mbele ya miguu yao. Wanainama kukitazama: ni cha bluu.

"Baba yangu," nawaambia, "alisoma mpaka hapo."