Kuna Mwanamke wa Kwetu

Upel aliolewa bondeni kabla hajamaliza shule, na tangu hapo maisha yake yakawa ya mikono: kukamua, kukanda unga, kushona mazulia ya sufu. Watoto wake wawili aliwalea kwa jicho kali. Mtoto akikohoa mara moja tu, kiganja cha Upel kiko kwenye paji la uso. Mume akichelewa malishoni, yeye yuko mlangoni, mkono umekinga jua, anatafuta vumbi la kondoo.

"Mama yenu ana macho ya mwewe," mumewe alikuwa akiwaambia watoto, "ila moyo ni wa kifaranga."

Sasa hapakuwa na mtu wa yeye kumwangalia. Mume na mtoto wa kiume walikwenda Urusi kuwajengea watu majumba. Begaiym, binti yake, alisoma mpaka akapata kazi Bishkek, mji mkuu. Akabaki Upel, ng'ombe, na simu aliyoachiwa na mwanawe. "Ukitaka kujua kitu, mama, iulize. Itakujibu."

Majani ya miti ya mipopla yalipoanza kupukutika, alasiri moja Upel alikaa kukamua kama kawaida. Aliposhtuka, maziwa yalikuwa yamepoa ndooni na ng'ombe amegeuza shingo, anamtazama. Hakuwa amesinzia. Hakuwa akiwaza lolote. Alikuwa amekaa tu, na mikono imekufa ganzi. Siku nyingine ikawa vilevile.

Aliogopa. Lakini bondeni kwao mtu hasemi moyo wangu mzito. Ukisema asubuhi, jioni utasikia mumeo ameoa huko aliko. Ukitaka shauri la jambo lako, unasema kuna mwanamke mmoja wa kwetu, ana hili na lile. Mwenzako naye haulizi ni nani. Ndiyo heshima.

Basi hata simu Upel aliiuliza kwa heshima hiyohiyo. Akaandika kwa kidole kimoja: "Kuna mwanamke wa kwetu, akikaa kukamua ng'ombe anasahau kusimama. Ni ugonjwa gani?"

Simu ikamletea maradhi ya chuchu za ng'ombe.

Hakukata tamaa. Akauliza kuhusu mwanamke wa kwetu asiyepata usingizi. Akauliza kuhusu mwanamke wa kwetu ambaye nyumba ikinyamaza, moyo unamwenda mbio kama anakimbizwa. Majibu yalikuwa marefu na maneno yake mazito. Lakini kule kuuliza kwenyewe kulikuwa kama kubisha hodi mahali.

Baridi ilipoingia, Begaiym alikuja kwa siku mbili kuchukua sehemu yake ya nyama ya farasi aliyechinjwa kwa ajili ya majira hayo. Akawakuta wanawake wamejaa nyumbani, wamelizunguka zulia la arusi la binti wa mtu, kila mmoja na sindano yake.

"Eti mwanangu," alianza Sonunbu, jirani, mjane mwenye ulimi usiolala, "mama yako anasema unalipwa kwa kuchungulia mambo watu wanayoiuliza simu. Kweli?"

"Hatuchungulii, mama Sonunbu! Majina hatuyaoni. Tunapewa maswali tu, na wilaya yalikotoka."

"Mimi niliuliza dawa ya mbwa mwenye upele. Mmeniweka wapi?"

"Kwa mbwa," alidakia mwingine, wakaangua kicheko.

Begaiym naye alicheka, kisha akaeleza. Watu wana mambo hawamwambii daktari wala ndugu, lakini simu wanaiambia. Wilaya ambayo watu wake wanaulizia sana huzuni, hofu na kukosa usingizi, itapelekewa mtu wa kuwasikiliza. Akafungua kompyuta akawaonyesha ramani. Kwingine palikuwa pekundu, kwingine rangi ya chungwa. Bonde lao lilikuwa jeupe.

"Weupe ndiyo nini?" aliuliza Upel.

"Ni uzima, mama! Kwetu hakuna anayelalamika." Begaiym aling'aa uso. "Ila kuna kitu kilichonifurahisha. Watu wa kwetu wanaulizia wenzao. Jirani yangu halali. Kuna mama fulani hali chakula. Maswali hayo tunayaweka pembeni kwa sababu mwulizaji si mgonjwa, anamjali mwenzake tu. Mmoja aliuliza hivi, sitamsahau: kuna mwanamke wa kwetu, akikaa kukamua ng'ombe anasahau kusimama."

Sindano ya Upel iliingia kidoleni. Alikibana kidole kwenye sufu nyekundu, mahali ambapo damu haionekani, akangoja kicheko.

Hakikuja. Alipoinua macho, macho yale ya mwewe, aliona wanawake wote wameinamia zulia. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Sonunbu alikuwa anavuta uzi uliokwisha kwisha.

"Chai inapoa," alisema Sonunbu hatimaye. "Tunyweni."

Walipoondoka, Upel alimwandalia binti yake chai ya maziwa, akammiminia kidogokidogo, nusu bakuli, kama kwao anavyomiminiwa mgeni ambaye mwenyeji hataki aondoke. Begaiym alikuwa anafunga nyama kwenye mfuko.

"Begaiym."

"Naam, mama."

"Huyo mwanamke wa kukamua. Mlimjibu nini?"

"Sisi hatujibu, mama. Tunapanga tu."

"Na kama hana jirani wa kumjali?"

"Si anaye? Huyo aliyemwulizia." Alikunywa, akaweka bakuli chini. "Mbona unanimiminia vijikombe vya ndege leo? Gari linakuja asubuhi, nina safari ya kutwa."

Upel alijaza bakuli.

Asubuhi gari lilipiga honi barabarani. Begaiym alimwita mama yake, hakuitikiwa. Akatazama jikoni, akatazama nyuma ya nyumba, mwisho akaingia bandani. Upel alikuwa kwenye kigoda chake, ndoo katikati ya magoti. Mvuke ulikuwa umeshakatika juu ya maziwa. Ng'ombe alikuwa amegeuza shingo.

"Mama?"

Upel alishtuka, akaanza kukamua kwa haraka chuchu ambazo hazikuwa na kitu.

Begaiym alichuchumaa kwenye majani makavu na koti lake la mjini. Alimshika mama yake mikono. Ilikuwa ya baridi kama mpini wa koleo.

"Ni wewe. Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia," alisema Upel. "Mkaniweka pembeni."

Honi ikalia tena. Begaiym alilia, akasema atabaki. Upel akamfuta uso kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa na kumwambia aende, wenzake wanamngoja, na akasahihishe ile ramani yake. Alimsindikiza mpaka garini, akasimama mpaka gari likapotea kwenye kona ya mto, akaendelea kusimama.

Nyumba ilikuwa kimya vilevile. Begaiym aliahidi atapiga simu kila siku, na atazungumza na wakubwa wake kazini, maana kama kwao weupe ulikuwa hivi, huenda kuna weupe mwingine kama huo. Lilikuwa jambo zuri. Lakini wakubwa wa kazini wana mwendo wao, na simu ikikatwa, inakatwa.

Mchana Sonunbu alikuja peke yake, eti amesahau mkasi. Mkasi ulikuwa mfukoni mwake, mpini umechungulia. Upel aliuona. Akaweka birika jikoni, akatia samadi kavu mekoni badala ya kuni, moto ukashika.

Wakashona. Upel alitazama uso wa jirani yake, kope zilizovimba, vidole vinavyokosea tundu la sindano.

"Dada Sonunbu."

"Ee."

"Kuna mwanamke wa kwetu, halali."

Sonunbu hakuinua kichwa. "Hata mimi namjua mmoja."

"Huyo wako mwambie awe anakuja hapa mchana. Asitafute sababu. Wangu ni mimi."

Sindano ya Sonunbu ilisimama hewani. Nje ng'ombe alilia mara moja, akanyamaza. Upel alihisi moyo unaanza zile mbio zake, akasema moyoni kwamba ameharibu, amevunja kitu kisichovunjwa, na jioni bonde zima litajua.

"Nitamwambia," alisema Sonunbu taratibu.

Kisha akasogeza bakuli lake karibu na birika. Upel akamiminia, nusu tu.