Nelvine na injini iliyomwagikiwa oili

Kitu cha kwanza anachokiona Nelvine Chepngetich ni rangi. Ni saa mbili asubuhi sokoni Chepilat, na pikapu iliyobeba majani chai imeingia gereji ikitoa moshi chini ya boneti. Wengine wanatazama moshi. Nelvine anatazama tone linaloanguka chini. Linang'aa kama asali.

Anamwaga vumbi la mbao chini ya gari ili oili isifike kwenye mtaro, halafu anasimama kando na matambara yake.

"Gasketi imekufa," anasema mwenye gereji, Kepher Oyugi, akiinama na tochi.

Dereva, Bethwel Kipkurui, anashika kichwa. "Usiniambie hivyo, fundi. Hapo nyuma ni majani ya watu. Yakipata joto kwa gunia yanakuwa mekundu, na kiwanda haitachukua."

Oyugi anatafuta mahali oili inapovuja. Anatafuta juu, anatafuta chini, analala chali chini ya gari. Muda unaenda. Mwishowe anarudi juu, na mkono wake unagusa tundu la kutilia oili. Liko wazi. Kifuniko kimelala karibu na batri.

"Bethwel, leo umeongeza oili?"

"Nimeongeza asubuhi. Nilikuwa naongea na simu."

"Na kufunga ukaachia Mungu?"

Vijana wa gereji wanacheka mpaka mmoja anaangusha spana. Oyugi anamgeukia Nelvine. "Na wewe umesimama hapa wakati wote. Uliona?"

"Niliona oili ni mpya," anajibu kwa sauti ndogo. "Ingetoka ndani ya injini ingekuwa nyeusi."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mlikuwa mnaongea."

Nelvine ana miaka ishirini na miwili. Aliacha shule akiwa darasa la sita, mama yake Tecla alipoumia mgongo na ng'ombe wakakosa mtu wa kuwakamua. Alikuja hapa kuosha mikeka ya magari. Siku moja aliyekuwa akisafisha injini hakuja, naye akashika kazi hiyo. Analipwa shilingi mia mbili na hamsini kwa injini moja. Siku za mvua anaweza kurudi nyumbani bila kitu.

Sasa kuna nafasi nyingine. Fundi msaidizi amehamia Kericho, na Jumatatu Oyugi atachukua mtu mmoja wa kumfundisha ufundi. Vijana watatu wameomba. Nelvine hajaomba.

"Nelvine ni mtu wa sabuni," Oyugi anamwambia mwandishi wa makala haya, bila ubaya wowote. "Hajawahi kuniambia anataka kitu kingine."

Nelvine yuko hatua chache tu kutoka hapo. Anasikia. Anaendelea kufunika altaneta, kifaa cha kuchaji batri, kwa karatasi ya nailoni.

Bethwel hana subira. "Dada, si umwagie maji tu niende?"

Nelvine anatikisa kichwa. Oyugi ndiye anayemjibia: "Injini ikiwa moto hivyo, maji baridi itaipasua. Na yakiingia kwa altaneta utaenda na miguu. Ngoja ipoe."

Haiwezekani pia kuiacha ilivyo. Oili imeenea mpaka kwenye bomba la moshi, na bomba hilo likipata moto mlimani, gari linaweza kuwaka na majani yake.

Injini inapopoa, Nelvine anaondoa waya wa batri. Anafuta kwanza kwa tambara kavu, kabla hata ya kugusa ndoo. Ndipo anachukua maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, na kijiti cha mtende kilichopondwa ncha kikawa kama brashi. Kijiti hicho huitwa sosiot, na kwa Wakipsigis ni cha kusugulia kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando.

"Kinaingia mahali vidole haviingii," anasema, na kwa mara ya kwanza anatabasamu. "Mama alinikuta nacho siku ya kwanza. Akaniuliza, 'Sasa tutakunywa mursik ya petroli?'"

Tecla alinuna juma zima. Halafu akamkatia vijiti vyake, akavifunga uzi mwekundu visichanganyike na vya nyumbani.

Kila jioni, kazi yake ikiisha, Nelvine huwa haondoki mara moja. Injini ikiwa imefunguliwa, husimama nyuma ya mafundi akitazama. Wao hudhani anasubiri mvua ipungue.

Oili ikiwa imeongezwa, kifuniko kimefungwa na waya wa batri umerudishwa, Bethwel anawasha gari. Moshi mwembamba unapanda kutoka kwenye bomba, mabaki ya oili yakiungua, kisha unakwisha. Nelvine anainama kutazama chini. Hakuna tone. Bethwel anapapasa magunia yake, anakuta majani bado ni mabichi, na anaondoka akipiga honi.

Anapoulizwa ana mpango gani wa mbele, Nelvine anasugua kucha zake kwa vumbi la mbao. Jibu linapokuja, hampi mwandishi. Anamtazama Oyugi.

"Fundi, hiyo nafasi ya Jumatatu naitaka. Nimeosha injini nje miaka miwili. Nataka kuifungua."

Oyugi anabaki na tochi mkononi, bado inawaka mchana.

"Hata ukimpa mtu mwingine," Nelvine anasema, "sasa umejua."