Nusu Yangu ya Salamu

Mwezi uliopita nilirudi Mushasha, kwenye misheni ya Gitega. Ule ukumbi wa zamani karibu na kanisa wameupaka rangi, wameuwekea mabati mapya, na kijana mmoja wa kamati akanipigia simu: "Mama artisti, tunafungua ukumbi, tunaomba utuimbie kidogo." Nilikubali hata hajamaliza. Maisha yangu yote nimekula kwa kuimba michezo jukwaani, Gitega, Bujumbura, hata kambini Tanzania, na yote hayo yalianzia mle ndani. Nilipoingia, harufu ya rangi ilinipiga puani, lakini chini yake ilikuwepo ile nyingine, ya mbao za mkaratusi na mishumaa iliyozimwa.

Ngoja nikuelezee tangu mwanzo, rafiki yangu. Kalamu si kazi yangu, shule niliiachia darasa la sita, utanivumilia.

Sisi ni watu wa mtaa wa Waswahili, hapo Gitega. Baba alikuwa fundi cherehani, mama alikaanga sambusa. Ukuta kwa ukuta na sisi alikaa jirani, mjane, muuza ndagala, na binti yake wa rika langu. Kwao kulinuka samaki wakavu na mawese, kwetu kulinuka pasi ya makaa na nguo zilizolowa maji, na sisi wawili tulinuka vyote. Tulichambua maharage kwenye ungo mmoja. Akichapwa yeye nilie mimi, nikichapwa mimi yeye acheke kwanza, halafu alie.

Likizo zote mbili kuu tulipelekwa kwa bibi yangu, mzaa mama, Ryansoro, mashambani. Asubuhi ukungu ulikaa juu ya migomba hadi tukachoka kuungoja, tukashuka hivyo hivyo mtoni na vibuyu. Na huko ndiko tulikojifunza akazehe, ile salamu ya kuimbwa ya wanawake wa milimani. Mwanamke akija, haingii tu. Anaanza kuimba akiwa bado nje ya ua: anakuuliza habari za watoto, za ng'ombe, za mvua, na we uliye ndani unatia sauti yako katikati ya yake bila kungoja amalize. Mmoja anaita, mwingine anaitika, mpaka mshikane mikono. Mmoja peke yake hawezi. Inakuwa nusu tu.

Bibi alitufundisha kwa ukali. Mi nilikuwa mwenye kuita, binti wa jirani mwenye kuitika, maana sauti yake ilikuwa chini, nzito, kama ya mtu mzima. Siku moja tuligombana kwa ajili ya muhogo wa kuchoma, nikaimba nje ya ua, yeye akanuna kimya ndani. Bibi alitoka na mwiko. "We mutoto," akamwambia, "ukiimbiwa, itika. Iko hasira, itika kwanza, mugombane nyuma." Alirudia maneno hayo kila likizo. Yalituingia hadi kwenye mifupa.

Mwalimu wa kwaya wa Mushasha alitusikia kisimani. Alikuwa akitunga michezo ya kuimba, watu wanasemezana kwa nyimbo mwanzo hadi mwisho, na akatutungia mmoja: msichana aliyeolewa mbali anarudi kumwamkia mama yake. Binti wa jirani akawa mama, akafungwa kitambaa na kuwekewa mto tumboni. Mi nikawa bibi harusi. Mtaani walituzomea, "Masista wa msikitini hao wanapita." Baba alinung'unika wiki nzima, halafu akatushonea nguo za mchezo, akakaa mstari wa nyuma na kofia yake, akalia.

Sasa kuna mtu mmoja. Hapa wote nawaita bibi, mwalimu, jirani, inatosha. Huyu ana jina, na jina lake ni Venansi. Namtaja kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema "walikuja", "walichukua", kama vile wanasimulia mvua ya mawe. Venansi alikuwa na kazi ya kukaa nyuma ya pazia na kutunong'oneza maneno tukisahau. Alijua nafasi za watu wote. Nikichelewa mazoezi aliimba yeye nafasi yangu, kwa sauti nyembamba ya kike, akizungusha kiuno, nasi tukacheka hadi kushika mbavu. Binti wa jirani alikuwa akifumba macho anasema, "Siwezi kuwatofautisha, walahi." Tulimpenda. Sambusa zilizovunjika za mama zilikuwa zake.

Tulicheza Gitega, tukacheza kwenye soko la Gashoho watu wakiwa wamepanda juu ya magunia, na mara ya mwisho tulicheza Muyinga mjini. Tulikuwa huko vita vilipoanza. Barabara zikafungwa. Binti wa jirani, kama mama yake aliyebaki Gitega, alikuwa wa upande uliosakwa siku zile, basi shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa na nyumba Muyinga, akamficha binti katika chumba cha nyuma, kwenye magunia ya mkaa. Hatukumwambia mtu ila mwalimu. Venansi alijua kwamba yuko mtaa ule, ila hakujua nyumba.

Asubuhi moja nilikwenda kuchota maji. Nilikuta foleni ndefu. Yaliyotokea nyuma yangu nayajua kwa mdomo wa shangazi, aliyekuwa jikoni akakaza jicho kwenye ufa wa mlango. Venansi aliufuata mtaa kutoka juu, polepole, na vijana wenye mapanga wakimfuata bila kusema. Hakubisha hodi kokote. Kila akifika kwenye ua aliimba. Aliimba nafasi yangu, kwa ile sauti yangu, anauliza habari za watoto, za ng'ombe, za mvua. Ua wa kwanza kimya. Ua wa pili kimya. Alipofika kwa shangazi, kutoka kwenye chumba cha mkaa ikatoka ile sauti ya chini, nzito, na ikaitika.

Alidhani ni mimi nimerudi. Na alikuwa amefundishwa vizuri.

Sitasema zaidi. Nilirudi na maji yangu.

Baadaye nilivuka mpaka, nikaishi kambini, nikaimba. Watu wananiuliza, uliwezaje kuimba baada ya pale? Mi nawajibu, sikujua kazi nyingine. Niliimba umalkia, uchawi, uzee, niliimba wanawake waliokufa wakafufuka. Ule mchezo wa salamu sikuugusa tena. Mwalimu aliulizwa habari za Muyinga alipokuwa mzee, akasema hakumbuki. Akafa hivyo hivyo, hakumbuki.

Turudi ukumbini. Nikiwa nyuma ya jukwaa najifunga kitambaa, mlango unafunguliwa, anaingia mwenyekiti wa kamati kunisalimu. Kitambi, mvi, suti ya kijivu. Venansi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Dada, miaka imepita, eh? Bon. Utuimbie ile ya zamani, ile ya salamu. Watu iko wanaipenda vitu vya utamaduni."

"Ile ni ya watu wawili," nikamwambia.

"We imba tu upande wako. Watoto wa leo hawajui tofauti."

Basi nikaimba upande wangu. Niliuliza habari za watoto. Nikanyamaza pale pa kuitika, nikasikia feni. Niliuliza habari za ng'ombe. Kimya. Ukumbi ulijaa wanawake na wasichana wa kwaya waliovaa sare, hakuna hata mmoja aliyejua pa kuingilia. Nikashuka ngazi, naimba, nikaenda hadi mstari wa mbele, nikasimama mbele ya Venansi nikamnyoshea mikono yote miwili, kama bibi alivyotufundisha. Nikauliza habari za mvua. Nikangoja.

Alitazama viatu vyake. Wasichana wakaanza kupiga makofi wakidhani nimemaliza, na nyuma yao kikongwe mmoja, sijui ametoka kilima gani, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Itika, baba. Unaimbiwa."

Hakuitika. Midomo ilicheza kidogo, niliiona, kwa sababu maneno anayo, yote. Lakini hakuitika, nami niliimba tena, na tena, hadi watu wakaacha kupiga makofi, na mke wake akamgeukia akamtazama kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Nilimwacha na swali hilo. Nikachukua mkoba wangu, nikatoka.

Kesho yake nilipanda Ryansoro. Nyumba ya bibi imekuwa shamba la mahindi. Wanawake wanapishana njiani, wanasema "Amahoro" na kupita, simu sikioni. Siwalaumu. Nani atakuimbia nje ya ua, na nani sasa ataitika bila kuchungulia kwanza?

Mi nyumbani naiimba bado, asubuhi, nikichambua maharage. Nikifika pale pake nanyamaza. Sufuria inachemka. Halafu naendelea.