Shangazi wa Vitufe

Ofisini humwita Shangazi wa Vitufe, maana hakuna kitufe kinachoingia kwenye programu zao kabla hajakiandikia ukurasa wa maelezo, na chini yake mfano hai: msomaji anabadilisha msimbo, anaona matokeo papo hapo. Kila mfano huubonyeza mara tatu kwa kidole cha mwisho, akinong'ona, "Haya mwanangu, sema kweli." Juzi fundi mkuu alimletea kitufe alichokitengeneza mwenyewe, cha kufuta miadi ya hospitali. "Hiki kinajieleza chenyewe, Shangazi. Leo leo kiende kwa wauguzi." Shangazi hakubishana. Alikiweka kwenye ukurasa pamoja na miadi ya wagonjwa kumi wa kubuni, akamsogezea kiti.

"Haya baba, futa miadi ya mmoja tu."

Fundi akabonyeza kwa mbwembwe. Miadi yote kumi ikatoweka, bila yeye hata kuulizwa kama ana hakika. Akajikuna kisogo, akaanza kurekebisha msimbo palepale mpaka alipobonyeza tena ikabaki tisa. Shangazi akaweka vidole tayari kwenye kibodi.

"Sasa niandike nini?"

"Andika," fundi akasema kwa sauti ya chini, "kwamba kilimshinda hata aliyekitengeneza."

Shangazi akaandika, neno kwa neno, kwa herufi nzito.