Nambari Aliyonyweshwa Jirani Yangu

Jirani yangu hapa mtaani Wabera alipotelewa na mbuzi watano. Akaniomba nimsindikize hadi mtaa wa Bulla Pesa, kwa bwana mmoja aliyesifiwa kwamba hurudisha mifugo kwa hesabu. Nilikubali kwa sababu ni mama mzee na magoti yanamsumbua, na pia kwa sababu mimi ni mwalimu wa hesabu na nilitaka kuona upuzi huo kwa macho yangu.

Chumba chake kilinuka maziwa yaliyoharibika. Yule bwana alipoinua uso nilimtambua. Nilimfundisha sekondari, na alikuwa mmoja wa wachache walionifurahisha darasani. Alinitambua pia, wala hakuona haya.

"Mama, wamepotea wangapi?"

"Watano."

Akaandika 142857 kwa kalamu ya wino mzito ndani ya sahani ya bati. Nambari hiyo nilimpa mimi. Gawanya moja kwa saba, nilikuwa nikiwaambia, na baada ya nukta tarakimu hizo sita zitajirudia bila kikomo. Zidisha kwa mbili upate 285714. Kwa tatu, 428571. Ni zile zile, zinafuatana vile vile, zimebadilisha tu mahali pa kuanzia.

Sasa aliizidisha kwa tano kwenye simu, akamwonyesha mama: 714285, akanyamaza kidogo.

"Unaona? Hakuna iliyopotea. Zote zimerudi. Mbuzi nao watarudi hivyo hivyo."

"Zidisha kwa saba," nikamwambia.

"Hapa saba hatutumii, mwalimu," akajibu kwa upole.

Nikatoa simu yangu, nikazidisha mwenyewe, nikampa mama aone: 999999. Zile tarakimu zote zilikuwa zimetoweka, zimebaki tisa tupu.

"Hii ni hesabu tu, mama. Haijui mambo ya mbuzi."

Mama aliziangalia zile tisa, akanirudishia simu. "Lakini wangu ni watano," akasema. "Si saba."

Yule bwana akamimina maji kwenye sahani, akasugua maandishi kwa kidole chenye kucha chafu mpaka maji yakawa meusi. Mama akanywa yote. Tone moja la wino lilimteremka kidevuni. Bwana akajifuta kidole kwenye shati, akaniuliza kama bado nafundisha.

Hatukufika mbali kabla mama hajatapika kando ya ukuta. Nilimshika mabega, nikitazama wino ukienea mchangani, na nilimchukia yule mtu. Lakini kilichonitia kinyaa zaidi ni kukumbuka jinsi nilivyokuwa nikiifundisha nambari hiyo: nikishusha sauti, nikiiita muujiza, nikinyamaza kidogo ili darasa lishangae. Hata kimya kile alikuwa amekichukua kwangu.

Mbuzi hawakupatikana. Wiki iliyofuata mama alirudi Bulla Pesa kwa boda, peke yake. Mimi hakuniambia.