Pamba Nyeupe kwenye Mguu wa Owor

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa bi harusi wa miezi miwili hapa Nabuyoga, nilipombandua mume wangu pamba kwenye kidonda naye akaniambia asante. Nilifurahi sana. Nilikuwa mjinga, tena mjinga mwenye bidii, na hao ndio wa kuogopwa.

Mume wangu Owor alikuwa akichimba dhahabu kwenye mashimo ya Tiira. Jiwe liliporomoka likamchuna muundi, akarudi nyumbani amejifunga kipande cha shati. Mimi, mgeni kwa wakwe, nikaona hapo ndipo pa kuonyesha kwamba mama yangu alinilea. Nikaenda hadi Busia, nikavuka mpaka hadi upande wa Kenya, maana tuliamini kila cha ng'ambo ni bora, nikanunua pamba nyeupe pe na vidonge vya rangi mbili. Unavijua wewe, vile vya nyekundu na njano ambavyo watu wa huku huvifungua na kumwaga unga wake kidondani. Nami nikamwaga, kisha nikabandika pamba juu yake. Ilipendeza! Mama mkwe akapita, akasema mke wa Owor ana mikono misafi. Kichwa kikanivimba.

Kila asubuhi pamba ilikuwa imekauka na kugandamana na nyama. Nilivuta kwa nguvu mara moja, nikidhani haraka ndiyo huruma. Damu ilipotoka nikajiambia kidonda kiko hai. Owor aliuma ukosi wa shati lake, akatazama kando, akasema asante.

Wiki ya tatu mguu ukaanza kunuka. Ukavimba, homa ikampanda. Nami, Mungu anisamehe, nikaongeza pamba ili wageni wasisikie harufu. Baba mkwe ndiye aliyenivuta kando na kunieleza kwa upole kwamba pale Tiira yuko mtu aliyekatwa mguu kwa kidonda kidogo kuliko hicho. Siku hiyohiyo tukampeleka kwenye zahanati upande wa Kwapa, kwa nesi mmoja mzee wa Kiteso tuliyemwita Mama Amoit.

Akaangalia, akavua miwani, akauliza kwa Kiswahili chetu cha mpakani. "Hii pamba nani naweka hapa?"

"Ni mimi, Mama."

"Sasa wewe nafunga kidonda, ama nafungia watu waone?"

Akamgeukia Owor. "Akitoa hii, nauma?"

"Haiumi sana," nikajibu mimi.

"Nauliza yeye, si wewe."

Owor akanitazama kwanza, kisha akainamisha kichwa. "Nauma, Mama. Nauma mbaya. Lakini yeye nafanya na roho yote."

Nililia, mwanangu. Mume wangu aliteseka siku zote hizo ili mimi nisione aibu.

Mama Amoit hakuvuta kitu. Alimwagia maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, yakiwa yamepoa, akangoja, akamwagia tena, hadi pamba ikaachia yenyewe. Akampiga sindano, ya pepopunda ikiwemo. Halafu akanifundisha, wala hakunitia haya. Kidonda kinachotoa maji kinataka kitu cha kunywa yale maji, gozi safi za kukunja, vile vitambaa vyepesi vya hospitali, zibadilishwe zikilowa. Kikishakuwa chekundu na kisafi, kinataka gozi yenye mafuta isiyonata, ili ile nyama changa ising'olewe. Pamba ni ya kusafishia ngozi ya pembeni, kwa sababu nyuzi zake hubaki ndani na kuoza. Na ule unga wa vidonge haumwagwi kabisa. Vidonge ni vya kumezwa, tena daktari akisema. Kilichokifaa kidonda jana, akaniambia, si lazima kikifae leo, kwa hiyo kila nikifungua nitazame upya.

Mguu ulichukua hadi wimbi, ule ulezi wetu, lilipovunwa, lakini ulipona. Owor alirudi kulima, Tiira hakurudi tena, na mimi ndiye niliyemkataza.

Basi nakusihi, wewe ambaye leo unauguza mtu nyumbani. Usichague cha kufungia kwa weupe wake wala kwa duka lilikotoka. Angalia kama kidonda ni kibichi au kikavu, kinanuka au hakinuki. Kikinuka, kikivimba, homa ikija, au mgonjwa akiwa na kisukari, usijaribu chochote, mpeleke. Kilichonata kiloweshe, ungoje. Na zaidi ya yote muulize mwenye mguu, tena muulize mkiwa wawili tu, kwa sababu anayekupenda atakudanganya ili usiumie.

Mungu aipe mikono yako subira, mwanangu, na awajalie unaowauguza wasikuogope hata kidogo, waweze kukuambia: hapo panauma.